Suti Iliyokula Zafarani

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita hajakosa mengi. Tangu nianze kuungama hapa, mambo yangu yanakwenda upande mmoja tu, nao ni chini.

Kwa ufupi: naitwa Behrang, injinia wa sufu hapa Isfahan, nina miaka thelathini na mmoja, na ninampenda Nastaran. Nastaran ni binti pekee wa Haji Nosrat, mgane mwenye duka la udobi karibu na daraja. Nataka kumwoa. Haji ndiye wa kusema ndiyo au hapana.

Tatizo ni kazi yangu. Kule maabara tunachukua vumbi la madini ya titani, chembechembe ndogo mno hata hadubini ya kawaida haizioni, tunazipachika kwenye nyuzi za sufu. Nguo ikichafuka unakaa nayo juani, basi. Jua linaamsha vumbi, vumbi linakula doa. Hakuna maji, hakuna sabuni, hakuna dobi.

Sasa nenda ukamwombe dobi akuoze binti yake.

Kwa hiyo nilimwambia Haji kwamba kazi yangu ni kuimarisha sufu, nikaishia hapo.

Wiki iliyopita niliwaacha siku ya posa, Ijumaa, barazani kwa Haji, tumekaa kwenye kile kitanda kipana cha mbao kilichotandikwa zulia. Mama yangu, Bi Effat, na Haji walikuwa wanabembelezana nani aanze kula mtindi wa zafarani.

"Anza wewe, Haji."

"Haiwezekani, Bi Effat. Mgeni kwanza."

"Nitaanzaje na mwenye nyumba yupo?"

Bakuli lilisukumwa huku na huku mara saba. Safari ya nane likanifikia mimi, kifuani.

Nikabaki nimekaa, suti ya kijivu, doa la manjano lenye ukubwa wa sahani, na kipande cha lozi kimenasa kwenye kifungo. Mama alijipiga paji la uso. Nastaran aliuma ncha ya mtandio wake ili asicheke. Lakini Haji alisimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kazini.

"Mtu asiguse," alisema. "Injinia, mkono chini. Anayesugua zafarani ni muuaji. Nastaran, lete kisanduku changu."

"Baba, ni siku ya posa."

"Kwani doa linajua?"

Kisanduku kikaja. Haji akachanganya kiini cha yai, siki, na kitu cha tatu ambacho mpaka leo hajamwambia hata binti yake. Akawa anabonyeza doa kwa kitambaa, polepole, huku anaongea.

"Miaka thelathini na minne, Injinia. Damu nimeitoa. Wino nimeutoa. Lami nimeitoa kwenye shela ya bibi harusi, usiniulize ilifikaje. Zafarani tu ndiyo imenishinda. Dawa hii ni ya mia moja na sita. Zile mia na tano zote zilinidanganya."

Ile ya mia na sita nayo ilikuwa inamdanganya. Doa halikutikisika. Ila mimi nilijua jambo asilolijua yeye, na jasho likaanza kunitoka.

Nilikuwa nimevaa suti ya majaribio ya maabara. Najua. Msinitukane bado, yako mengine mbele. Mimi ni mtu wa kumwagikiwa, wasomaji wa tangu mwanzo mnakumbuka ule mchuzi wa komamanga kwenye mazishi. Nikasema siku ya posa sitabahatisha. Suti ile nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, kwa haraka, Daktari Azarmi, mkuu wetu, akiwa safarini. Kwa kawaida kuna mavumbi mawili: la titani la kula doa, na la kioo la kuilinda sufu. La kioo lilikuwa limekwisha. Nikaongeza la titani mara mbili, nikajiambia kondoo amevumilia jua tangu kuumbwa kwake, suti moja itashindwaje.

Kivuli kilikuwa upande wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kubaki kivulini mpaka tuage, basi. Mtoto wa miaka miwili angeweza.

"Sasa sogea juu ukae vizuri," Haji akasema. Juu, yaani ile nafasi ya heshima, kule mwisho wa kitanda, ambako jua la alasiri lilikuwa limejimwaga lote.

"Hapa panatosha, Haji."

"Hapo ni karibu na viatu."

"Mimi ni mtu wa kukaa karibu na viatu."

"Umesikia adabu hiyo?" Haji akamgeukia mama.

"Nimemlea hivyo," mama akasema, na machozi yakamlengalenga.

"Sogea, mwanangu."

"Naapa sisogei, Haji. Mbele yako mimi ni nani?"

Kadiri nilivyokataa ndivyo nilivyozidi kuwa mkwe bora. Hakuna mtu katika mji huu ambaye angeamini kwamba nakataa kwa sababu nakataa. Mwishowe Haji akanishika mkono, mama akanisukuma mgongoni, nikatua juani.

Nastaran ndiye pekee aliyejua siri ya kazi yangu. Alielewa mara moja. Akaja na sinia ya chai, akasimama kati yangu na jua, akaganda hapo.

"Nastaran, unamzibia mgeni jua," baba yake akasema.

"Anaona joto, baba."

"Nani, huyu? Anatetemeka. Hebu pita."

Akapita. Kabla chai yangu haijapoa, lile manjano lilikuwa rangi ya majani makavu. Wakati mama anasimulia jinsi nilivyochelewa kutambaa, lilikuwa rangi ya chai nyepesi. Nikajifunika kwa mto. Haji akauondoa ili niegemee vizuri. Mama alipofikia jinsi nilivyochelewa kusema, doa halikuwepo.

Haji alivaa miwani yake. Akainama mpaka pua ikagusa koti. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena.

"Limetoka," alisema kwa sauti ndogo.

Nikajiandaa kwa swali. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari.

"Ya mia moja na sita," alisema Haji Nosrat, na machozi yakamtiririka kwenye ndevu. "Dawa yangu, Nastaran. Mwanangu, nimeishinda."

Hakuna uongo hata mmoja kati ya zile aina tatu uliofaa. Nilimtazama Nastaran. Nastaran alitazama sinia.

Haji alikuwa bado ameshika ukosi wa koti langu. "Na kitambaa chenyewe," alisema, "kizuri kweli. Suti nzuri sana hii."

"Ni yako, Haji," nikasema.

Msomaji, hayo si maneno, hiyo ni pumzi tu. Maisha yangu yote nimewapa watu saa yangu, kalamu yangu, baiskeli yangu, na mara moja nyumba ya mama. Kila mmoja alijibu inavyotakiwa, "Inakupendeza mwenyewe," nami nikaondoka na vitu vyangu. Haji alinitazama kwa makini.

"Nakubali," alisema.

Kipande cha sukari alichong'ata kunywea chai kilimdondoka mama mdomoni.

"Ni ushahidi," Haji alieleza. "Alhamisi Chama cha Madobi kina mkutano wake mkubwa. Nitasimama mbele yao na suti iliyomwagikiwa zafarani, walitafute wenyewe doa lilipo. Vua, mwanangu."

"Koti, Haji?"

"Umesema suti."

Nilirudi nyumbani kwa teksi nimevaa shati, tai, na suruali ya kulalia ya Haji yenye mistari ya buluu, inaniishia chini kidogo ya magoti. Lakini sikuondoka mikono mitupu. Mlangoni Haji alinishika bega akasema, "Jibu langu ni zuri. Ila nitalisema Alhamisi, mbele ya wenzangu wote, na binti yangu akiwa pembeni yangu. Siku hiyo nataka nifurahi mara mbili."

Tulipofika kona ya mtaa wetu ndipo mama alipofungua mdomo.

"Si ungempa kalamu," alisema.

Jumamosi asubuhi Nastaran akapiga simu.

"Mwambie ukweli, Behrang."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya Alhamisi."

"Baada ya Alhamisi atakuwa ameshawaambia madobi mia mbili kwamba ameshinda zafarani. Utamwacha aaibike mbele ya watu wote hao?"

"Nikimwambia sasa, atajua dawa yake ni yai tu, na mimi ndiye mtu wa kumfungia duka. Utaolewa na nani?"

Akasema, "Ameamka akiimba. Anapiga pasi na anaimba. Hajaimba tangu mama afariki."

"Sasa unataka mimi ndiye nimnyamazishe?"

"Sijui ninachotaka," alisema. "Natamani ungevaa suti ya kawaida."

Mchana ule Haji alitundika kibao mlangoni: ZAFARANI? LETENI. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kigoda nje ya duka, amevaa suti yangu, juani, ili kila apitaye aione. Kwa mwili wake koti lilikuwa limembana kidogo mabegani. Hakujali. Kila aliyempa salamu alionyeshwa kifua.

Kufikia Jumapili jioni alikuwa amepokea nguo kumi na moja, zikiwemo koti la mwalimu, kanzu ya mpishi, blanketi la mtu aliyekula akiwa kitandani. Akazipaka zote dawa ya mia moja na sita. Jumatatu nilipopita dukani nilimkuta bado yuko kwenye kigoda, bado yuko kwenye suti, lakini zile nyimbo zilikuwa zimekwisha.

"Hazitoki," aliniambia.

"Hata moja?"

"Hata moja. Nimepaka mara tatu. Labda Ijumaa ilikuwa bahati tu." Akanyoosha mkunjo wa suruali, suruali yangu, kwa kidole gumba. "Nitawaambia wa Chama wanitoe kwenye orodha ya wasemaji. Mzee mzima nimetundika kibao kama mpiga ramli."

Hapo ndipo nilipotenda kosa ninaloliungama leo. Mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa. Haji alikuwa ameshajitilia shaka mwenyewe, na ningesema neno moja tu tungemaliza. Ningeweza kusema, "Haji, si dawa, ni kitambaa."

Lakini nilitazama ule uso, nikashindwa.

"Huenda ni hewa," nikasema.

"Hewa?"

"Siku ile tulikuwa nje, Haji. Hewa kavu, upepo. Huku dukani kuna mvuke wa pasi. Nipe nguo nikazianike kwenye paa la kazini kwetu. Dawa umeshapaka, kazi yako imekwisha. Inataka kukauka vizuri tu."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilihisi anausoma uongo wangu kama doa, anatafuta umetokana na nini.

"Hewa," alisema. "Injinia, wewe una akili."

Akaingia ndani, akarudi na furushi la zile nguo kumi na moja. Kisha akasita, akaingia tena. Mara ya pili alirudi na kitu kimefungwa kwenye karatasi nyembamba, akakishika kwa mikono miwili.

"Na hii," alisema.

Ilikuwa shali ya sufu, laini, nyeupe ya maziwa. Pembeni, karibu na pindo, palikuwa na doa la zafarani ukubwa wa jani la mnanaa, la zamani sana.

"Ya Monir, mama yake Nastaran," Haji akasema. "Alijitanda siku ya harusi yetu. Nilikuwa namlisha kijiko cha kwanza cha wali, mkono ukatetemeka. Nikamwambia usijali, umeolewa na dobi, nitalitoa kabla ya wiki kwisha." Akanyoosha pindo la shali. "Kila mwaka alikuwa ananiuliza kwa utani, wiki bado haijaisha tu, Nosrat? Amekufa doa likiwepo. Dawa zote mia moja na sita, kijana wangu, zilikuwa za doa hili. Hizo nguo nyingine nilikuwa najifunzia."

Ningekataaje? Niambieni ninyi mnaonitukana.

Nilibeba furushi mpaka maabara. Nikazitia nguo zote kumi na mbili kwenye vumbi la titani, kipimo kilekile cha suti, kwa sababu la kioo lilikuwa bado halijafika. Shali niliitia ya mwisho, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikazianika paani. Kulikuwa na kipande kimoja cha sufu ya majaribio huko, kimebanwa kwenye ubao tangu Ijumaa asubuhi, Daktari Azarmi aje kukipima. Sikukiangalia.

Saa tisa alasiri lile doa la miaka thelathini na mitatu lilikuwa limepauka. Saa kumi na moja halikuwepo. Nilikaa sakafuni pale paani nimeipakata shali, na nawaambia kweli, nilifurahi. Nilisahau kwamba mimi ni mwongo. Niliona kazi yangu ina maana, na kwamba Bi Monir, popote alipo, ameona wiki yake imekwisha.

Jumanne nilimpelekea. Zile kumi na moja Haji alizitazama harakaharaka. Shali aliifungua dirishani, akaigeuza, akaitafuta sehemu ile, akaipapasa kwa kidole. Halafu akaibusu, akaenda nyuma ya mapazia ya nguo, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia anapenga kamasi.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Aliitundika shali nje, juu ya mlango, chini ya kile kibao, mtaa mzima uone.

"Si ungeiweka ndani, Haji," nilisema. "Vumbi la barabarani."

"Imekaa ndani ya karatasi miaka yote hiyo kwa aibu yangu. Siku mbili ipate jua." Akanipiga mgongoni. "Alhamisi Nastaran atajitanda hiyo nitakapotoa jibu. Mama yake awepo."

Nilimwambia Nastaran kwa simu. Safari hii hakuniambia niseme ukweli. Alilia, akacheka, akasema, "Basi tutazeeka na siri yetu." Usiku ule nililala usingizi mzito wa mtu asiye na hatia.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Daktari Azarmi alirudi safarini. Sikuwa nimevua hata koti la baridi la asubuhi, akaniita paani.

"Behrang, nani amechanganya hii?"

"Mimi, Daktari."

"Kioo kiko wapi?"

"Kilikuwa kimekwisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikaongeza titani."

Daktari Azarmi ni mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Alikisogelea kile kipande kilichobanwa kwenye ubao, akakishika ncha kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Ncha ikabaki vidoleni. Akavuta tena, ikaja nyingine. Akazisugua, zikawa unga.

"Vumbi hili halina macho," alisema. "Halijui hapa ni doa na hapa ni sufu. Kioo ndicho kinacholiambia ishia hapa. Bila kioo likimaliza doa linaendelea na nguo. Kwa nje huoni kitu, nguo inang'aa, nzuri. Unajua lini? Unapoigusa kwa nguvu."

"Baada ya siku ngapi za jua, Daktari?"

"Hiki ni kizito, ni kitambaa cha suti. Siku sita. Kitambaa chepesi, mbili." Akanitazama. "Behrang, mbona umekuwa mweupe hivyo? Hakuna kilichotoka nje ya maabara, si ndiyo?"

Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi.

Nilipiga simu ya Haji, ikaita dukani bila mtu. Nilipiga ya Nastaran, imezimwa, yuko saluni. Nilimpigia mama.

"Tumeshafika sisi," alisema kwa furaha, "nimevaa bangili yangu ya sherehe. Uko wapi, mjinga wewe? Watu wamejaa."

"Mama, sikiliza, mtu yeyote asimguse Haji."

"Asimguse? Ametoka kukumbatiwa na mwenyekiti sasa hivi."

"Na bado amevaa?"

"Behrang, umekunywa nini?"

Pikipiki ya kukodi ilinifikisha kwenye bustani ya Chama saa tano na nusu. Madobi mia mbili kwenye viti vya plastiki, wake zao, watoto, masinia ya vitumbua vya sukari, na jua kali la kichwani bila wingu hata moja. Haji Nosrat alikuwa jukwaani. Suti ilikuwa inapendeza kuliko siku yoyote niliyowahi kuiona.

"Huyo hapo," alisema kwenye kipaza sauti aliponiona nakatiza kati ya viti. "Mpisheni. Ndugu zangu, mnaniuliza siri ya zafarani. Nitawaambia. Lakini kwanza nataka mumwone kijana huyu. Wengine walipoona nimeshindwa walinicheka. Yeye alibeba nguo zangu mgongoni akaenda kunianikia. Njoo, mwanangu."

Nilipanda nimpe ukweli kwa sauti ya chini, halafu anifanye atakavyo. Sikupata nafasi. Haji aliweka kipaza sauti chini, akafungua mikono, akanikumbatia kwa nguvu zake zote.

Nikasikia mgongo wa koti ukiachia.

Haukupiga kelele. Ulifunguka taratibu kuanzia chini ya ukosi. Nikapeleka mikono yangu yote miwili nyuma yake, nikazikusanya pande mbili za koti, nikazishika. Watu wakapiga makofi, wameona ninavyompenda mzee.

"Inatosha sasa," Haji akacheka sikioni mwangu. "Niachie, nataka kuwainamia wageni."

"Usiiname, Haji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya suruali."

Akatulia. Kila alipopumua, sufu kidogo ilimwagika vidoleni mwangu.

"Haji, nisikilize bila kusogea. Si dawa yako iliyotoa doa. Ni suti. Ndiyo kazi yangu, natengeneza sufu inayojisafisha yenyewe juani. Nilikuficha kwa sababu wewe ni dobi, na mimi namtaka binti yako. Na hii niliitengeneza vibaya. Inajila."

Nilingoja anisukume. Nilijua nimeshampoteza Nastaran, na nilistahili. Makofi yaliendelea, mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Haji hakuondoa mikono yake mabegani mwangu. Nilihisi anainua mmoja polepole, anausogeza mbele ya macho yake, anasugua ncha ya mkono wa koti kwa kidole gumba, vile anavyosugua kila kitambaa kinachopita kaunta yake. Ukawa unga. Akaupuliza.

"Zile nguo kumi na moja," alisema.

"Ndiyo, Haji."

Sauti yake ilikuwa karibu haisikiki. "Na shali ya Monir?"

Vigelegele vilikuwa vimeanza getini, wanawake wote wamesimama, na Nastaran alikuwa anakuja kati ya viti akitabasamu, shali nyeupe imemwangukia mabegani bila doa. Mbele yake, bangili mkononi, mama yangu alikuwa anakimbia kumlaki, na amefungua mikono yote miwili.